Spana Namba Kumi na Saba

Plau la marehemu limevunjika shingo
siku ya Jumatano, bonde la Ole halijaonja mvua,
palepale kwenye kisiki cha mvule
tunachokijua sote, na kila mwaka tunakisahau.
Hajali akasimama. Mwenzake akasimama.
Nikabaki nimeshika mikono ya chuma
isiyoshikana na kitu.

Fundi Mbarouk alishaliunga mara mbili.
Safari hii alinawa mikono kwanza,
nikajua.
"Mize," akasema, "hapa nitakuwa nachomea hewa."

Basi nimekuja Chake na fedha za karafuu
pindoni mwa kanga,
fungu lililonusurika ada ya skuli
na harusi za watu.
Sina fedha ya kukosea.

Dukani kwa Shaame yapo mawili.
Moja jekundu, linameta kama pipi,
Simba Dume, kwa herufi za dhahabu,
jepesi, mtoto wa chuoni analinyanyua.
La pili jeusi. Limeandikwa Mkulima, basi.
Zito kama deni,
na aliyelipaka rangi alikuwa na haraka,
kapaka hadi juu ya vumbi.

"Hili jekundu, shangazi, chuma cha mbali.
Lina karatasi ya dhamana, mwaka mzima."
Mwaka mzima!
Lile lililokufa nililikuta nyumbani nilipoolewa.

Mwanangu Hamad kanitumia sauti kutoka Maskati:
"Mama, chukua jekundu, nimelisoma mtandaoni,
watu wamelipa nyota nne na nusu."
Nusu ya nyota nani kaikata, na kwa panga gani?
Shemegi yangu Faki anasema jeusi,
lakini Faki anasema jeusi
kwa kuwa Hamad kasema jekundu.

Nilikuja na udongo wetu kwenye kopo la maziwa,
ule mweusi, wenye kunata, unaovua watu viatu.
Nikaumwaga mezani, juu ya kitabu cha risiti.
"Nambie, lipi katika haya linaujua huu?"
Shaame akaukusanya kwa kiganja, taratibu,
akaurudisha koponi.
Hakujibu, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Nikatoa spana.
Namba kumi na saba, kichwa kimoja kimeliwa na kutu,
na hapo katikati panapong'aa
ni dole gumba la mume wangu,
miaka thelathini na moja.
Nikapiga magoti mbele ya wanunuzi wa saruji,
nikaitia kwenye nati ya Simba Dume.
Ikacheza, ikazunguka bure,
kama mgeni anayetafuta choo usiku.
Nikaitia kwenye lile jeusi.
Tk.
Ikakamata.

"Hili," nikasema.
"Kwa ajili ya spana?" Shaame akacheka.
"Spana mpya elfu nne, nikupe bure!"
Najua.
Hesabu ya elfu nne hata mimi naiweza.

Jumamosi tukashuka bondeni, mimi na mjukuu.
Kufika adhuhuri, Mkulima hana tena jina,
herufi zote zimetoka. Tope halisomi.
Chuma kinakata, sina la kukisingizia,
udongo unageuka kama mtu aliyelala vizuri.
Ila mfuo unakwenda upogo, kulia, kulia tu.
Nikakaza nati. Upogo.
Nikapima nira kwa shubiri. Upogo vilevile.

Mjukuu ndiye aliyeona.
Plau la zamani lilikuwa likivuta kushoto,
na miaka tisa Hajali amekuwa akilirudisha.
Sasa hili limenyooka,
naye bado anarudisha.

Mtoto akainua fimbo.
Nikamwambia ishushe.
Jana usiku, na kibatari kinawaka, macho ninayo,
nilipima mchele wa watu watatu
katika nyumba ya wawili.